Kidonda Nilichokikuta Tena Chemnitz

Bibi yangu mzaa baba alifariki Machame, Kilimanjaro, mwaka 2016 akiwa na kidonda kikubwa pale mgongo unapoishia. Tulikuwa watu wanane katika nyumba ile. Hakuna usiku aliolala peke yake, hakuna siku aliyokosa mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, na mama alimwogesha kila asubuhi kwa maji ya moto. Kidonda kilikuja hivyo hivyo. Kilianza kama doa, kikawa shimo, na miezi mitatu baadaye tukamzika kwenye kihamba, shamba letu la ukoo, nyuma ya migomba aliyoipanda mwenyewe. Sote tulisema ni uzee.

Miaka mitano ikapita. Novemba 2021 nilikuwa nimekaa darasani katika chuo cha uuguzi Chemnitz, mashariki mwa Ujerumani, mwalimu akaonyesha picha ukutani. Kilikuwa kidonda kile. Mahali pale pale, kingo zile zile zilizoviringika, weusi ule ule katikati. Kijerumani changu cha wakati huo kilitosha kusoma maandishi ya chini: kidonda cha mgandamizo, yaani cha kulala au kukaa mkao mmoja muda mrefu bila kugeuzwa, daraja la nne, lile baya kuliko yote. Mwalimu akaeleza kwamba vingi katika vidonda hivi huzuilika. Niliomba ruhusa, nikaenda chooni, nikakaa huko mpaka kipindi kikaisha.

Nilikuwa nimeondoka nyumbani na jambo moja kichwani ambalo hakuna aliyekuwa amenifundisha, nilikuwa nalo tu kama wengi wetu: Wazungu huwatupa wazee wao, sisi ndio tunaojua kuwatunza. Kwenye sherehe ya kuniaga, mjomba alilisema mbele ya watu wote, nikalipigia makofi. Nilichokiona tangu hapo kimenifanya niwaze tofauti kuhusu pande zote mbili.

Chemnitz ni mji wa wazee, na kuna sababu zake. Kuanzia 1953 hadi 1990 uliitwa Karl-Marx-Stadt, ulikuwa mji wa viwanda vya nguo na mashine, na wanawake walifanya kazi viwandani sawa na wanaume. Ujerumani mbili zilipoungana mwaka 1990, viwanda vikafungwa kimoja baada ya kingine. Vijana wakahamia magharibi, Stuttgart na München, na wasichana waliondoka kwa wingi kuliko wavulana. Waliobaki waliogopa kuzaa. Mwaka 1994 wastani wa watoto kwa mwanamke mmoja huko mashariki ulishuka hadi 0.77, yaani hata mtoto mmoja haukufika. Ukitaka kujua kwa nini bibi wa miaka 90 anabonyeza kengele usiku na anayekuja ni msichana wa Kimachame, mfikirie yule mtoto ambaye hakuzaliwa mwaka 1994. Leo angekuwa na miaka thelathini na kitu. Huenda angekuwa muuguzi.

Katika nyumba ya wazee nilikopangiwa mafunzo ya vitendo, nilianza na kosa. Asubuhi ya kwanza niliingia chumbani kwa mama mmoja mwembamba, nywele nyeupe zimechanwa vizuri, nikamwamkia kwa Kijerumani nilichodhani kina heshima: habari za asubuhi, bibi. Nilitumia neno lile ambalo watoto wa Kijerumani humwitia bibi yao. Akaweka kikombe mezani. "Mimi si bibi yako," akasema. "Sikuzaa. Nilikuwa mhandisi wa mashine za kufuma kwa miaka thelathini na nne. Nina jina." Alisema taratibu, bila kufoka, ndiyo maana iliniuma zaidi. Kwetu kumwita mtu bibi ni kumpandisha. Kwake ilikuwa kufuta kila alichokuwa na kumbakizia mikunjo ya uso. Tangu siku hiyo nilimwita Frau, yaani Bi, na jina la ukoo, kwa lile umbo la heshima ambalo Kijerumani kinalo, na baada ya wiki kadhaa akaanza kunifundisha lahaja ya Kisaksonia, kwa sababu Kijerumani cha kwenye mtihani wangu wa lugha wa ngazi ya B2 hakuna mzee aliyekizungumza pale. Majina ya wakazi siyaandiki. Nilitia sahihi kutunza siri zao, na hata nisingetia sahihi nisingeyaandika.

Kosa la pili lilichukua muda mrefu zaidi kuniisha, kwa sababu lilikuwa limevaa nguo za adabu. Kwetu mzee hanyanyui kitu. Kaa, mama, nakuletea. Kaa, babu, nakuvalisha. Nilifanya hivyo hivyo Chemnitz, nikawa namaliza vyumba haraka kuliko wenzangu, nikijiona hodari. Muuguzi aliyenisimamia, mwanamke wa karibu miaka sitini, akaja akasimama mlangoni. Akachukua kile kitambaa cha kunawia mkononi mwangu, akakilowesha, akakikamua, akakiweka kwenye kiganja cha mzee, kisha akangoja. Mzee akakitazama. Ikapita dakika nzima, mimi nikiwa nimekunja vidole nyuma ya mgongo nisimsaidie. Mkono ukapanda, ukafuta jicho la kulia, ukafuta la kushoto, ukashuka shingoni. Muuguzi akaniambia nje kwamba mkono unaonawa uso leo utashika kijiko kesho, na ukiunyima kazi wiki chache tu hautarudi. Misuli ya mzee haisubiri. Akilala kitandani wiki moja kwa homa, anaweza kushindwa kusimama ilhali homa imeshapona.

Nikawakumbuka wazee wangapi wa kwetu tuliowakalisha kwenye kiti cha barazani kwa upendo mpaka miguu ikasahau njia ya chooni.

Mwaka wa pili nilipelekwa kwenye huduma ya majumbani. Hapo ndipo maneno ya mjomba yalipoanza kunishinda kuyatetea. Tulizunguka kwa gari dogo na fungu la funguo, kila ufunguo na namba yake, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Huyu dakika kumi na tano za kumvalisha soksi za kubana miguu, yule sindano ya insulini, mwingine kuoga. Na karibu kila mlango uliofunguka ulikuwa na mtu wa familia nyuma yake. Mwishoni mwa 2023 Ujerumani ilikuwa na watu milioni 5.7 waliosajiliwa kuwa wanahitaji uangalizi. Watu 86 katika kila 100 kati yao waliishi majumbani kwao, si kwenye nyumba za wazee, na wengi zaidi walitunzwa na ndugu tu.

Hao ndugu nao ni wazee. Nilimzoea binti mmoja (namwita binti kwa sababu mama yake alimwita hivyo) aliyekuwa na miaka 69. Mama alikuwa na 93. Binti alikuwa na mgongo uliofanyiwa upasuaji na bado alimnyanyua mama mara tano kwa siku. Alikuwa amelala kwenye kochi la sebuleni kwa miaka sita ili asikie akiitwa. Siku ya kupimwa, mpimaji aliyetumwa na bima ya uangalizi alikuja nyumbani kuangalia mama anaweza nini na hawezi nini. Kuna madaraja matano tangu 2017, na pesa hufuata daraja. Mama akavaa blauzi ya harusi za watu, akapaka rangi ya midomo, akaeleza kwamba anapika mwenyewe na kuoga mwenyewe. Alisema kwa fahari. Mgeni aliandika. Binti alikuwa amesimama jikoni akilia kimya kimya, kwa kuwa kumsahihisha mama mbele ya mgeni kungekuwa kumvua nguo. Wenzangu waliniambia hutokea mara nyingi, na kwamba kwa sababu hiyo familia hushauriwa kuandika daftari la wiki kadhaa kabla ya kupimwa: saa ngapi ameanguka, saa ngapi amelowa, mara ngapi ameamka usiku. Neno hilo la daftari nililiweka akiba.

Mama yule alipoletwa kwenye nyumba ya wazee mwishowe, nilikuwa nimerudi zamu za huko. Binti alimpangia picha ukutani, akambusu, akatoka. Kutoka dirisha la ghorofa ya pili niliona gari lake halikuondoka. Alikaa ndani yake, mikono kwenye usukani, zaidi ya nusu saa. Sijawahi tena kusema kwamba watu hawa huwatupa wazee wao.

Kuna na suala la pesa, nalipita haraka kwa kuwa limenichosha kulieleza kwa simu. Bima ya uangalizi ilianza Ujerumani mwaka 1995 na kila mfanyakazi huchangia, mimi nikiwemo. Lakini bima hulipa sehemu tu. Mkazi wa nyumba ya wazee hutoa mwenyewe, mwaka wa kwanza, wastani wa zaidi ya euro 3,000 kwa mwezi, na pensheni nyingi hazifiki hapo. Akiba huisha, nyumba huuzwa, kisha ofisi ya ustawi wa jamii huziba pengo. Tangu 2020 mtoto hadaiwi chochote kwa ajili ya mzazi wake kama mapato yake hayazidi euro 100,000 kwa mwaka. Nilipomweleza baba, alinyamaza muda, kisha akauliza, "Kwa hiyo mzazi hamtii mtoto wake kwenye umaskini?" Ndiyo, baba. Lengo lilikuwa hilo.

Mkazi mmoja alikuwa akificha mkate. Alizaliwa Breslau, mji ambao leo ni Wrocław na uko Poland. Januari 1945, alipokuwa na miaka kumi, wanawake na watoto waliamriwa kuuhama mji kwa miguu kwenye theluji kwa sababu jeshi la Kisovieti lilikuwa linakaribia. Demensia, maradhi ya kupoteza kumbukumbu, ilikuwa imemnyang'anya mume, ndoa, watoto wawili na mwaka tuliomo. Breslau haikumnyang'anya. Kila jioni vipande viwili vya mkate viliingia chini ya mto. Mfanyakazi mpya alivitupa akibadilisha shuka, na usiku ule mama yule alilia mpaka alfajiri, akiita mtu kwa jina ambalo hakuna aliyelijua. Baada ya hapo tuliandika kwenye kadi yake: mkate usitolewe, ubadilishwe. Mkate mkavu utoke, mkate mpya uingie, na yeye akute uko pale pale. Mimi ndiye niliyebadilisha mara nyingi. Nilifikiri juu ya wazee wetu tunaowagombeza kwa kukusanya makopo na vitambaa, na jinsi hatuwaulizi walipitia njaa gani.

Halafu maji. Kama ningeweza kurudi Machame ya 2016 na kitu kimoja tu mkononi, ningerudi na mambo mawili, kumgeuza bibi na maji. Mwili ukizeeka, kiu hupungua. Mzee haoni haja ya kunywa hata kama damu yake inazidi kuwa nzito. Wengine hujizuia kwa makusudi, maana safari ya choo ni ngumu. Kisha siku moja anaamka anaongea na watu wasiokuwepo, anavua nguo, hamtambui mwanawe. Mwanzoni niliposhuhudia hilo kwa mzee mmoja Chemnitz nilidhani demensia imepiga hatua. Muuguzi hakudhani chochote. Alipima joto, akapima mkojo, akatazama karatasi ya vinywaji. Maambukizi ya njia ya mkojo, na siku mbili hakunywa vya kutosha. Kwa dawa na vikombe vilivyohesabiwa, wiki ileile akarudi kuwa yeye na kudai gazeti lake. Wakati wa joto kali la Agosti 2003, Ufaransa ilipoteza watu wapatao 15,000, wengi wao wazee, baadhi wakiwa peke yao majumbani.

Bibi naye aliongea na watu wasiokuwepo, wiki zile za mwisho. Jirani mmoja alisema kuna mkono wa mtu. Tulifanya maombi siku tatu. Hakuna aliyehesabu vikombe.

Lakini mtori tulioupika ulikuwa sahihi, na hili pia nimelijifunza Chemnitz. Mzee ambaye koo lake limedhoofika hupaliwa na maji mepesi, maji yanapotelea kwenye njia ya hewa na kuleta nimonia. Kule hutia unga maalumu kwenye chai ili iwe nzito na ishuke polepole. Bibi alikuwa akikohoa kila akinywa maji na hakuwahi kukohoa kwa mtori. Mama aliligundua kwa macho yake, bila chuo, akawa anampa mtori uliolainishwa sana mara nne kwa siku. Nilipomweleza mwalimu wangu, aliniomba niandike mapishi.

Mwalimu huyo huyo ndiye niliyemuuliza swali lililokuwa linanikaa kooni. Tulifundishwa kubonyeza doa jekundu kwa kidole: likiwa jeupe kisha likarudi, ngozi bado inapumua, likibaki jekundu vile vile, kidonda kimeshaanza. Picha zote za kitabu zilikuwa za ngozi nyeupe. Nikauliza, na kwenye ngozi kama yangu, utaona wapi wekundu? Darasa likanyamaza. Alikiri kwamba hakuwa na jibu tayari, na wiki iliyofuata alikuja nalo. Usitegemee jicho peke yake. Weka mgongo wa mkono wako: pana joto au baridi kuliko pembeni? Pamekuwa pagumu, au pamelainika kama tope? Panauma? Rangi imeiva zaidi kuliko ngozi ya jirani? Niliyaandika kwa Kiswahili pembeni mwa daftari, palepale.

Nikajifunza pia tulikokosea sisi. Tulimkalisha bibi juu ya kata ya khanga ili kidonda kisiguse godoro. Kata hubana ngozi inayozunguka na kuzuia damu kufika. Tulisugua lile doa kwa mafuta, kwa nguvu, tukidhani tunaamsha damu. Kusugua huumiza nyama iliyokwisha choka. Nililia mbele ya yule muuguzi wa miaka sitini nilipomsimulia. Akaniambia kwamba yeye, alipoanza kazi miaka ya themanini, walifundishwa kupaka madoa hayo barafu kisha kuyapuliza kwa mashine ya kukaushia nywele. Walifanya hivyo kwa bidii, hospitali nzima, na waliwaharibu wagonjwa wao. "Sisi tulikuwa na vyeti," akasema.

Sitaki mtu afikiri nyumba za wazee za huku ni mbingu. Usiku tulikuwa wawili kwa wakazi zaidi ya sitini. Karatasi ya mkazi asiyeweza kujigeuza ilisema ageuzwe kila baada ya saa mbili, na nilijua kwa nini, na nilijua pembe ya mto, na kuna usiku nilifika baada ya saa tatu kwa sababu mwingine alikuwa ameanguka korido ya chini. Kuna mzee aliyeniomba nikae kidogo. Nikamwambia narudi sasa hivi. Nikarudi asubuhi. Nyumbani tulikuwa wanane na hakuna aliyejua la kufanya na mikono yake kumi na sita. Pale nilijua kila kitu na nilikuwa na miwili.

Mzee huyo alikuwa amechimba madini kwenye milima ya Erzgebirge. Alipofika mahali pa kutokula tena, tulikuwa tukimlowesha midomo kwa kijiti chenye sponji, maana kinywa kikikauka mtu huteseka hata kama hana kiu. Si lazima yawe maji. Inaruhusiwa kutumia kile alichokipenda. Mwanawe alikuja na chupa ya bia ya kwao, tukachovya, na mzee ambaye hakuwa amefungua macho siku mbili alinyonya kile kijiti na kukunja uso kama mtu aliyesikia jina lake. Alifariki kabla ya mapambazuko. Muuguzi akafungua dirisha ili roho itoke, ndiyo desturi yao, nasi tukasimama pembeni katika ile baridi mpaka kengele ya chumba kingine ikalia.

Nilimaliza masomo mwaka 2024, na Desemba nikaenda nyumbani kwa Krismasi kama Wachaga wote. Shangazi, dada mkubwa wa baba, alikuwa amepigwa na kiharusi upande wa kulia. Nilimkuta amelala chali, ameegemezwa vizuri, na chini yake kata ya khanga.

Sikusema kitu siku ile ya kwanza. Nilimsalimu, nikala, nikangoja watu watoke. Usiku nilimwomba mama anishikie taa, nikaweka mgongo wa mkono pale mgongo unapoishia. Palikuwa na joto. Hapakuwa pamefunguka bado. Mama alinitazama usoni akaelewa, akakaa kwenye kigoda, na ilinibidi kumweleza kuhusu bibi yote niliyoyaandika hapa. Nilimwambia na la barafu na mashine ya kukaushia nywele. Nilimwambia kuhusu mtori wake na mwalimu aliyeomba mapishi. Tulikaa mpaka jogoo wa kwanza.

Asubuhi tulitoa kata. Tulikata godoro la zamani tukapata mito miwili ya kuegemeza mgongo, tukakunja blanketi chini ya miguu ili visigino visiguse kitu. Nilipompa shangazi kitambaa cha kunawia kwenye mkono wa kushoto, mama alinyoosha mkono kumsaidia, nikamshika kiganja. Tukangoja wote. Shangazi alikosa jicho, akapata shavu, akarudi akapata jicho.

Binamu yangu wa kidato cha tatu ndiye anayeandika daftari. Nilimwonyesha siku moja tu. Huku Chemnitz huwa nimeshavaa sare wakati picha ya ukurasa inapoingia WhatsApp, na huisoma nikiwa nimesimama karibu na gari la dawa kabla ya kuanza zamu ya usiku. Jana ameandika: "Saa nne usiku, ubavu wa kushoto. Visigino viko hewani. Mgongo hauna joto. Vikombe sita, cha saba amekataa, anasema tumemchosha kwa kumpeleka chooni."